Mchungaji Hayupo, Nani Atafungisha Ndoa? Riwaya ya Mapenzi ya Kihistoria katika Misheni za Singida



1. Utangulizi

Mwandishi anayeanza, akitaka riwaya ya mapenzi yenye imani ya Kikristo, mara nyingi huwapa wapenzi wake adui mmoja tu: kishawishi. Kijana anateleza, anatubu, anaoa. Hadithi hiyo ingeweza kutokea popote. Singida inatupa mgogoro mzito zaidi: wapenzi waliokaa kati ya ukoo na usharika, na kila upande una haki ya kusikilizwa.

2. Waliotutangulia

James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa (1934), alisimulia habari za watumwa waliokombolewa na kukaa Frere Town, makazi ya misheni ya Church Missionary Society (CMS) yaliyoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875. Aniceti Kitereza, Mkatoliki wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 riwaya ya Kikerewe kuhusu Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliopendana huku wakikosa mtoto. Mbotela anatuonyesha kijiji cha misheni. Kitereza anatufundisha kueleza mila kwa kina bila kuionea haya.

3. Pengo la historia

Wamisionari Wajerumani wa Misheni ya Leipzig walifika Iramba, Singida, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita Waingereza waliwaondoa, na Walutheri wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani wakapokea kazi hiyo katikati ya miaka ya 1920. Vituo vya misheni vya Ruruma, Iambi na Kinampanda ni sehemu ya historia hiyo.

Napendekeza riwaya iwekwe ndani ya pengo hilo, kati ya kuondoka kwa Wajerumani na kufika kwa Wamarekani. Fikirini mwalimu kijana anayegonga kengele, anafundisha wanafunzi wa ubatizo na kuongoza sala. Amemposa binti. Uchumba unaweza kutangazwa Jumapili tatu, lakini mchungaji hayupo; nani atafungisha ndoa? Wakisubiri, mvua ya msimu mmoja itapita, uwele utavunwa, na watu watasema. Wasiposubiri, watatengwa na meza ya Bwana, na kurudi kundini ni safari ya aibu mbele ya wote.

Jumapili hizo tatu ni mifupa ya riwaya. Ya kwanza watu wanashangilia. Ya pili kuna minong'ono. Ya tatu mtu anasimama na pingamizi.

4. Nani asimame?

Hapa tuwajue watu wetu. Waisanzu huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo mjomba ana uzito mkubwa; Wanyaturu hufuata upande wa baba. Misheni ilizoea kumwona baba kuwa kichwa cha nyumba. Kwa Waisanzu, basi, baba akikubali posa mbele ya wazee wa kanisa, mjomba anaweza kuuliza: mimi nimeulizwa lini? Huyo si mpinzani wa Injili. Ni mzee aliyerukwa. Riwaya ikimfanya mshenzi imeshindwa.

5. Lugha ya mapenzi

Katika jumuiya yenye macho mengi, wapenzi hawatamkiani mengi. Jina linaweza kubeba yote. Binti aliyebatizwa anaitwa jina jipya kanisani na la zamani kwa mama yake. Mwalimu amwite lipi wanapokutana kisimani? Siku atakapolibadilisha, msomaji ataelewa bila neno "nakupenda".

6. Kazi ya vikundi

(a) Mhojini mzee mmoja wa usharika au parokia: zamani uchumba ulitangazwaje, na aliyetengwa alirudije?
(b) Mwulizeni mzee wa ukoo swali lilelile, mbali na yule wa kwanza.
(c) Andikeni ukurasa mmoja wa Jumapili ya tatu. Mjomba amesimama. Mpeni hoja ambayo mwalimu hawezi kuijibu.