Kopa Sita Mkononi

Katika briji, mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja hushika karata 13, na turufu hunadiwa kwanza. Jioni moja tulijaliwa kopa sita. Kumbe mpinzani wa kulia akatutangulia kuzinadi. Kwa uchungu tukatamka "dabo", yaani alama ziwe maradufu. Lakini kwa mapatano ya wachezaji wengi, tamko hilo, likitolewa mapema hivyo, humsihi mwenzako ataje aina nyingine. Mwenzetu, kwa kutuamini, akanadi shupaza. Tulipozilaza karata zetu mezani, kama sheria itakavyo, akaiona shupaza yetu moja tu. Ilitupasa kupita kimya na kungoja. Huenda yeye ndiye angetamka "dabo", nasi tungenyamaza tena, mpinzani akwame katika kopa zetu. Mwenzetu hakusema neno, akaendelea kucheza.