Wokovu Uliofika Mfukoni

Somo: Luka 19:1–10

Ninyi mlio nyumbani mkingojea chai, nanyi mlio njiani kwenda ibadani, na ninyi wagonjwa ambao redio hii ndiyo kanisa lenu asubuhi ya leo, karibuni nyote. Kama Biblia yako iko karibu, ifungue Injili ya Luka, mlango wa 19, tangu mstari wa kwanza hata wa kumi. Kama haiko karibu, usijisumbue kuitafuta, maana habari yenyewe unaijua tangu shule ya Jumapili. Ni habari ya Zakayo, yule mtu mfupi aliyepanda mti.

Nadhani hiyo ndiyo taabu yetu na habari hii. Tuliiimba na kuiigiza tukiwa watoto, tukakua tukikumbuka ufupi wake na mti wake, tukasahau fedha zake. Mti wenyewe si wa kigeni kwetu. Mkuyu wa Yeriko ni wa aina ileile ya mkuyu unaoota kando ya mito yetu hapa Kenya, na Wakikuyu na Wakamba huuita kwa jina lililo karibu sana na hilo. Matawi yake huanza chini na kutanda, hata mtu mzima mwenye nguo ndefu aweza kuupanda, ingawa si kwa heshima. Lakini Luka hakuandika sura hii kwa ajili ya mti. Aliiandika kwa sababu tajiri mmoja alikutana na Yesu, na kabla ya siku kwisha alikuwa amefungua mfuko wake.

Tuitazame kwanza kazi yake. Katika utawala wa Warumi ushuru mwingi ulikuwa ukinadiwa. Mtu aliahidi kuleta kiasi fulani, akapewa haki ya kukusanya, na chochote alichokipata zaidi ya kile kiasi kilikuwa chake. Basi ninyi wenyewe mwaweza kuona mambo yalivyokwenda. Mfanya biashara amefika na punda wake kutoka ng'ambo ya Yordani, amechukua mizigo, jua linamchoma, na mtoza ushuru anamtajia bei. Atamshtaki kwa nani? Askari yuko upande wa mtoza ushuru. Yeriko ulikuwa mji wa njia kuu na wa mitende mingi, kwa hiyo fedha zilipita hapo kila siku. Na Zakayo hakuwa karani mdogo wa kizuizini, bali mkubwa wao. Kila shilingi ya udhalimu iliyokusanywa na wadogo wake, sehemu yake ilipanda hata kwake.

Sasa angalieni jinsi Bwana alivyomtendea. Hakumhubiria juu ya fedha. Hakumwambia ashuke aungame kwanza mbele ya mkutano. Alimwita kwa jina, akamwambia ashuke upesi kwa kuwa leo atakaa nyumbani kwake. Basi. Watu wakanung'unika, na sisi tungenung'unika vilevile. Tungesema, huyu mhubiri ana marafiki matajiri.

Na hapo ndipo Zakayo akasimama. Wala hakuna aliyemwuliza neno. Akasema mbele ya Bwana kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kwa hila, anamrudishia mara nne.

Ndugu, nataka tukae hapa kidogo, maana hesabu hii si ya mchezo. Torati ilikuwa na kanuni zake. Katika Mambo ya Walawi mlango wa 6, mtu aliyemdhulumu mwenzake kisha akajua hatia yake, alitakiwa kurudisha kile alichokitwaa pamoja na sehemu ya tano juu yake. Kwa fedha zetu, ukinidhulumu shilingi 100, unanirudishia shilingi 120. Lakini katika Kutoka mlango wa 22 kuna sheria nyingine, ya mwizi wa mifugo: aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza, alipe kondoo wanne kwa mmoja. Zakayo angeweza kuishika ile sheria nyepesi, kwa kuwa alikuwa akiungama mwenyewe. Hakuishika. Alijihesabu pamoja na wezi wa kondoo. Kwa kila shilingi 100 atalipa 400.

Tena fanyeni hesabu nami. Tuseme mali yake yote ilikuwa shilingi 8,000. Nusu yake, 4,000, imekwenda kwa maskini. Zimebaki 4,000 za kulipia mara nne, nazo zinatosha kulipia udhalimu wa shilingi 1,000 tu. Kama zaidi ya sehemu moja katika nane ya mali yake ilitokana na hila, basi Zakayo atatoka katika jambo hili hana kitu. Luka hatuambii kama alikuwa na mke. Mimi hujiuliza mara nyingi huyo mama, kama alikuwapo, alisema nini jikoni alipoyasikia maneno hayo kutoka sebuleni.

Lakini fedha si sehemu iliyo ngumu zaidi. Ili kumrudishia mtu mara nne, sharti umjue ni nani. Zakayo ilimpasa kufungua vitabu vyake na kuwatafuta watu mmoja mmoja, na kuwaambia kwa kinywa chake mwenyewe, siku ile nilikutoza zaidi. Wengi wetu tungeona ni afadhali kutoa ng'ombe mzima kanisani kuliko kusema maneno hayo kwa jirani mmoja.

Hapa mtu ataniuliza, je, Zakayo aliununua wokovu wake? La, hasha. Bwana alikuwa amekwisha kusimama chini ya mkuyu na kumwita kabla hajatoa hata senti. Neema ilitangulia. Tena mkumbukeni yule mhalifu msalabani, katika Luka mlango wa 23. Yeye hakurudisha chochote. Mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari, na saa zake zilikuwa zimekwisha, na Bwana alimpokea vivyo hivyo. Lakini mimi na wewe, ndugu msikilizaji, mikono yetu haijapigiliwa. Tunayo miguu ya kwenda kwa jirani.

Wengi wenu mmesikia habari za Uamsho wa Afrika Mashariki, na baadhi ya wazee wetu waliokoka kwa huo. Ulipata nguvu katika misheni ya Gahini kule Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, na mwaka wa 1937 ndugu walifika hapa Kenya kuhubiri. Siku hizi ukiutaja, watu hukumbuka nyimbo na mikutano mikubwa. Lakini jambo lililowashangaza hata wasioamini lilikuwa jingine: watu walirudisha vitu. Walikwenda kwa waajiri wao na kwa majirani wakiwa wamechukua walichokuwa wameiba, wakalipa madeni ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuyasahau. Mtu ambaye hajawahi kuingia kanisani, akiona jembe lake lililopotea linarudishwa mlangoni na yule aliyelichukua, haulizi tena kama huyo ameokoka kweli.

Basi na tuje sokoni kwetu. Mama mmoja anauza mahindi kwa gorogoro. Gorogoro tunalijua wote, ni ule mkebe wa kilo mbili. Tena wote twajua kwamba kitako chake chaweza kupigwa nyundo kikaingia ndani, nao mkebe ukaonekana umejaa huku mahindi yamepungua mikono miwili. Anayenunua kwa gorogoro ni nani? Si tajiri. Tajiri hununua gunia zima na kulipima. Anayenunua gorogoro moja ni mama mwenye watoto wanne na fedha za leo tu, na yale mahindi yaliyopungua ni uji wa mtoto wa mwisho. Dada yangu mwuza mahindi, najua unayo karo ya kulipa, na ushuru wa soko, na gari la kubeba gunia limepanda bei. Nayajua hayo. Hata hivyo, nakusihi, kile kitako kinyoshe.

Au tuzungumze juu ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka wa 2007, fedha husafiri upesi kuliko mawazo, na vidole hukosea. Uko nyumbani, simu inalia, ujumbe unasema umepokea shilingi 3,000 kutoka kwa mtu usiyemjua. Dakika mbili baadaye anapiga simu, sauti inatetemeka, anasema alikuwa akimtumia mama yake hospitalini. Ni kweli kwamba wako walaghai wanaotunga ujumbe wa uongo ili urudishe fedha ambazo hukupokea, kwa hiyo angalia kwanza salio lako kabla ya kurudisha; Bwana hakutuita tuwe wajinga. Lakini umetazama salio, na fedha ziko pale. Wako wanaokimbia kwa wakala wazitoe kabla mwenyewe hajapata msaada, kisha wanazima simu. Wengine kesho yake ni Jumapili, nao wanatoa fungu la kumi katika hizo, wakisema Mungu amefungua mlango. Ndugu, mlango huo hakuufungua Mungu.

Liko jambo la tatu, nalo linawahusu hasa sisi tunaoheshimiwa makanisani. Kuna msichana anayefua na kupika nyumbani kwako. Kuna kibarua aliyepalilia shamba lako mwezi uliopita. Umewaambia wangoje, mambo ni magumu. Kumbukumbu la Torati, mlango wa 24, inaagiza kibarua maskini alipwe siku iyo hiyo kabla jua halijatua, kwa kuwa roho yake inautazamia ujira huo. Na Yakobo, katika mlango wa 5, asema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimeingia masikioni mwa Bwana. Nimewaza sana juu ya neno hilo. Jumapili sisi twaimba kwa sauti nne, kwaya imevaa sare mpya, na wakati uleule kuna sauti nyingine inayopanda kutoka chumba cha nyuma. Sijui ni ipi inayosikika zaidi mbinguni, lakini nina wasiwasi.

Nanyi wachungaji wenzangu na wazee wa kanisa, tusijifiche. Mtu akija na bahasha nene siku ya harambee, nasi twajua kwamba wafanyakazi wake hawajalipwa miezi mitatu, tutafanya nini? Bwana alisema, katika Mathayo mlango wa 5, kwamba ukileta sadaka na hapo ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye. Sisi mara nyingi twageuza: twapokea sadaka kwanza, na mapatano twayaacha kwa Mungu. Paa la mabati likichelewa mwaka mmoja hakuna aliyekufa. Ni heri tumrudishie huyo ndugu bahasha yake kwa upole, tumwambie, nenda kwanza kwa watu wako, kisha urudi, tutakungoja.

Sasa yuko mtu anayenisikiliza, na tangu niliposema neno la kurudisha, jina la mtu limemjia moyoni, na halimwachi. Nina maneno machache kwako, kisha nitakuacha na Bwana.

Nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Usitangaze kanisani kabla hujaenda kwake, wala usiwataje wengine mlioshirikiana nao. Wao wana siku yao. Kama huwezi kulipa yote, peleka ulicho nacho na useme utamaliza lini. Kama mwenyewe amekwisha kufariki, anao watoto au ndugu. Hesabu mlango wa 5 imelisema hilo pia, kwamba jamaa ndiye wa kupokea, na kama hakuna jamaa, hapo ndipo inapopewa kuhani kwa ajili ya Bwana. Kama ni mali ya ofisi au ya shule, irudishe huko huko. Yaweza kuwa utapoteza kazi. Sitakudanganya kwamba kila mtu atakukumbatia; mwingine atakufukuza, na mwingine atasimulia kijiji kizima. Mwombe mchungaji wako au ndugu mmoja mwaminifu mwende pamoja, kama njia ni ndefu na moyo unaogopa.

Na wewe uliyedhulumiwa, ambaye huenda leo jioni utasikia hodi mlangoni na kumwona mtu usiyetaka kumwona, mpe kiti.

Tuombe.

Bwana Yesu, uliyeingia nyumbani kwa Zakayo watu wakinung'unika, ingia na kwetu. Unalijua jina lililotujia asubuhi ya leo, na unajua ni kiasi gani. Wape nguvu wanaokwenda leo. Wakumbuke wale wasio na cha kurudisha, na wale wanaongoja ujira wao. Kwa jina lako takatifu tunaomba. Amina.