Aliyekueleza Naye Atajwe

Mwanafunzi anayepanda milima ya Mbinga kuandika utafiti juu ya ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia mvua isichukue udongo, hurudi na maarifa ya namna mbili. Mengine ameyasoma, kama makala ya A. H. Pike katika jarida la Tanganyika Notes and Records, mwaka 1938. Mengine ameelezwa na mkulima shambani: nyasi hufyekwa, hulazwa kwa miraba, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati.

Pike hutajwa kwa jina, mwaka na ukurasa. Mkulima huitwa "wenyeji", au hatajwi kabisa, na maarifa yake yakaonekana ni ya mwanafunzi. Huo ni wizi, ingawa hakuna kitabu kilichonakiliwa.

Dawa yake ni daftari. Andika palepale: nani kasema, kijiji gani, tarehe gani, na kama ameridhia kutajwa. Asiporidhia, lificheni jina, lakini maneno yabaki yake. Fanyeni hivyo hivyo kwa mvuvi wa Mbamba Bay aliyewaeleza pepo za Ziwa Nyasa. Hapo msomaji mwenye shaka atajua aende wapi kuuliza.