Kabla Hujashusha Chambo



Sisi wakazi wa Arusha si watu wa ziwa. Tuna mlima. Maji yetu makubwa ni Duluti, pale Tengeru, ambalo mtu mwenye miguu mizuri hulizunguka kwa muda wa saa moja hivi, na yale maziwa ya Momella ambayo kwa magadi yake huwafaa heroe kuliko wavuvi. Samaki tunamfahamu akiwa sokoni Kilombero au akiwa kwenye sahani. Hata hivyo jioni ya leo nataka tuzungumze habari ya chambo na kina cha maji, na mwisho wa mazungumzo mtaona kwa nini.

Mwezi wa Machi mwaka jana nilikuwa Ziwa Victoria, pande za Geita, pamoja na wenzangu wawili wa hapa mjini. Tulikodi mashua yenye injini ili tuvue sangara kwa namna ambayo ndugu zetu wa pwani huiita kurambaza: chombo kinakwenda polepole, na mshipi unakokota chambo nyuma. Chambo chenyewe kilikuwa cha bandia, kisamaki cha plastiki chenye ndoano tumboni. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo, mpole, asiyependa maneno mengi.

Mimi, kama mnavyotujua waandishi, nilikuwa nimekwisha soma. Nilikuwa nimesoma habari za samaki aitwaye salmoni, ambaye mwaka 1966 Wamarekani walimpandikiza katika Ziwa Michigan ili apunguze vidagaa waliokuwa wamefurika humo. Huko wavuvi hushusha tufe la risasi lenye uzito wa kilo nne au tano kwa waya, na mshipi ukabanwa hapo, ili chambo kipite katika kina kilekile wanachokitaka. Wakati wa joto salmoni hukimbilia chini kutafuta maji ya baridi, na mvuvi humfuata hukohuko. Basi nikamwambia mzee kwa sauti ya mtu aliyesoma: "Mzee, wakubwa wako chini. Tufunge chubwi nzito, twende chini."

Mzee akaniangalia. "Mwanangu, mimi ningeanzia kwenye miamba ile," akasema, akionyesha kisiwa. "Mita nne, mita tano." Nikang'ang'ania. Mwenye fedha ni mimi, akafunga chubwi.

Tulikokota chambo karibu na sakafu ya ziwa, kwenye mita thelathini na zaidi, kwa saa mbili nzima. Hatukupata hata mguso. Ndipo mzee akanieleza jambo ambalo baadaye nililikuta pia katika maandishi ya wataalamu. Ziwa Victoria ni pana, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini si refu kwenda chini. Kina chake kikubwa ni kama mita themanini tu. Miezi ya Juni hadi Agosti upepo wa kusini mashariki huyakoroga maji toka juu hadi chini, na hewa hufika kila mahali. Lakini kuanzia mwanzo wa mwaka hadi masika, maji ya juu yenye joto hukaa kama kifuniko juu ya yale ya chini, na huko chini hewa hupungua. Sangara ni samaki anayehitaji hewa nyingi. Salmoni hushuka akitafuta baridi. Sangara, katika miezi hiyo, hupanda akitafuta pumzi. Nilikuwa nimechukua akili ya ziwa la wenzetu nikaitumbukiza katika ziwa letu bila kuuliza. Kweli, mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo.

Tukapandisha chambo hadi mita ishirini hivi. Hapo mshipi ukavutwa kwa nguvu hata ufito ukapinda. Baada ya robo saa ya jasho akatokea sangara ambaye wawili wetu tulimwinua kwa taabu. Sikumtaka kwa kitoweo. Nilitaka picha, halafu nimrudishe majini, niwahadithie watu huku Arusha kwamba nilimwachia. Tukapiga picha. Nikamshusha majini kwa upole.

Hakuzama. Alilala ubavu, tumbo limevimba, akipiga mkia bila kwenda kokote. Mzee akazima injini, akaniambia bila ukali: "Huyo ulimuua kule chini, mwanangu. Hapa juu ulikuja kumzika tu."

Maana yake ni hii. Sangara ana kibofu cha hewa tumboni. Kila mita kumi unazoshuka majini, uzito wa maji juu yako huongezeka kwa kadiri ileile ya uzito wa hewa yote tuivutayo hapa duniani. Kwenye mita ishirini mgandamizo ni mara tatu ya ule wa juu. Ukimvuta samaki huyo upesi, hewa iliyomo tumboni hutanuka mara tatu, na hawezi tena kushuka. Sangara wakubwa kiasi kile wengi wao ni majike, na jike mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Furukombe alikuwa ameshatua juu ya mti akingoja. Tukampandisha mashuani yule samaki, akaliwa kijijini, lakini ile hadithi yangu ya kumwachia ilifia palepale.

Alasiri tulikwenda kwenye miamba ya mzee. Aliondoa chubwi, akachagua kisamaki kilichochubuka rangi, chenye ulimi mfupi wa plastiki mdomoni. Akanifundisha: ulimi mrefu huzamisha chambo sana, ulimi mfupi hukiacha juu, mshipi mnene huburuzwa na maji na kukipandisha, mwembamba hukiruhusu kushuka. Rangi si jambo la kwanza, kwa kuwa maji ni ya kijani na yana ukungu. La kwanza ni mtikisiko, maana sangara husikia windo kwa ubavu wake kabla ya kuliona. Umbo lifanane na furu au sato mdogo. Mwendo uwe wa mtu anayetembea. Tulipata watatu katika mita tano. Wawili tuliwaachia, wakapiga mkia mmoja wakatoweka.

Sasa, ndugu wasikilizaji, haya yanatuhusu nini sisi wa Mnara wa Saa na Njiro?

Yanawahusu kwanza vijana wetu wanaoongoza wageni. Mji huu unaishi kwa utalii, na wageni wengine hutoka hapa kwenda ziwani kuvua kwa burudani. Kijana anayejua simba hulala wapi na ajue pia kwamba ukitaka kumwachia samaki, usimfuate kilindini. Uamuzi wa chungu au maji unafanywa wakati wa kuchagua chambo. Ukiungoja hadi samaki awe mkononi, umechelewa.

Pili yanatuhusu sisi wanunuzi. Sheria yetu hairuhusu kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Lakini katika soko moja la hapa mjini nimewaona wenye urefu wa kiganja na nusu wamepangwa kwa mafungu, na watu, nikiwamo mimi, tunachagua fungu la bei nafuu na kwenda zetu. Mvuvi anayetega wadogo anajua kuna mkono unaowangoja. Mkono huo ni wetu. Kipimo cha kukadiria kila mmoja anacho: toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ingawa kwa wengi wetu hapo ni pungufu kidogo ya sentimita hizo. Samaki aliye mfupi kuliko hapo, mwache mezani.

Ile picha ninayo bado. Mimi nimetabasamu sana. Nyuma yangu anaonekana mzee, ameshika usukani, anatazama majini.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.