Tulivyojipima Sisi Viongozi
(Hotuba ya kamati ya uongozi iliyosomwa kwenye sherehe za miaka kumi, Newala)



Tangu tulipoanza mwaka 2014 viongozi tumesifiwa mara nyingi. Leo tunaomba tuseme jinsi tulivyojipima wenyewe, maana wahenga walisema nyani haoni kundule.

Akina mama, mnaukumbuka msimu wa 2018. Mwezi wa Juni na Julai kila mtu alitaka mkopo wa salfa na wa vibarua wa palizi. Tukakopesha sanduku zima, tukisema korosho zikiuzwa fedha zitarudi. Mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tukapiga vigelegele. Lakini wengi wetu malipo tuliyapata mwaka uliofuata.

Januari 2019 alikuja mwenzetu mmoja, mjane. Hakuwahi kukosa kununua hisa, wala hakuwa na deni. Mtoto wake amechaguliwa kidato cha kwanza. Ada ilikwishafutwa tangu 2016, lakini sare, madaftari na godoro ni juu ya mzazi. Aliomba shilingi 60,000. Tukafungua makufuli yote matatu. Ndani mna daftari na muhuri tu. Fedha yake mwenyewe tulikuwa tumewapa wengine. Mtoto alichelewa shule wiki tatu.

Siku ile tulimwambia, "Dada, ni korosho." Jamani, haikuwa korosho. Tulikuwa sisi.

Baadaye kamati tulikaa, kila mmoja na karatasi yenye mstari katikati: kushoto nguvu zetu, kulia udhaifu wetu. Kushoto kulijaa: waaminifu, tunahudhuria, hatujaiba hata senti. Kulia kukabaki kweupe. Ndipo tukaamua mtupime ninyi. Tuliweka vibuyu nyuma ya pazia, kila kimoja na alama yake: kutunza fedha, kuandika daftari, kutoa mikopo kwa haki, kudai madeni. Anayeridhika anatia punje ya mhindi, asiyeridhika anapita. Asiyejua kusoma alipima sawasawa na anayejua.

Tulikuwa wanachama 28. Kibuyu cha kutunza fedha kilikuwa na punje 27. Cha mikopo kwa haki, punje 7. Cha kudai madeni, punje 4. Tulinyamaza kimya.

Tulipochunguza, tuliona kuwa nguvu yetu na udhaifu wetu vimetoka mahali pamoja. Sisi ni mashangazi, mawifi na majirani, tunapanga foleni ya maji bomba moja. Ukaribu huo ndio unaomfanya mtu akuletee fedha yake bila woga. Na ukaribu huo huo ndio unaoleta muhali. Wifi yako akiomba laki mbili, utamwambiaje hapana? Sisi tuliita huruma. Lakini kumpa mmoja cha mwenzake bila kumwuliza si huruma.

Basi tulibadilisha mambo manne. Kwanza, sehemu moja ya tano ya fedha haikopeshwi, hata msimu uwe mzuri vipi. Pili, ndugu wa kiongozi akiomba mkopo, kiongozi huyo anatoka nje wakati wa kuamua. Tatu, madeni ya viongozi yanasomwa kwanza, tena kwa sauti. Nne, vibuyu vinarudi kila mwaka kabla ya mgawo.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilitaka vikundi kama chetu visajiliwe, nasi tumesajiliwa. Lakini cheti ukutani hakisemi kama kiongozi anaweza kukataa.

Udhaifu mmoja bado tunao. Anayejua kufunga hesabu za mwaka ni katibu peke yake. Akiugua, wote tunasimama. Tunaomba leo hii wasichana wawili wajitokeze wafundishwe.

Na yule mwenzetu tuliyemrudisha mikono mitupu hakutukimbia. Ufunguo wa tatu wa sanduku anao yeye.

Mungu akibariki kikundi chetu.