UZI: Daktari wa serikali hulipwa na nani? Mahesabu ya majani chai

Haya ndiyo niliyowaambia vijana wenzangu hapa Sigowet. Nimeyagawa vipande msome polepole. Sitaji mwanasiasa wala chama, na nyinyi msitaje.

1. Kila mkutano lazima mtu ashike maikrofoni aseme: "Tunalipa SHA na daktari bado anatutuma dawa nje. Hiyo pesa anakula nani?" Makofi. Swali ni zuri, lakini limechanganya vitu viwili: mshahara wa daktari na malipo ya hospitali.

2. Tuanze na chai. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Karani wa kiwanda hulipwa kwa mwezi. Daktari naye anaweza kulipwa mshahara, au "kwa kilo", yaani kila huduma na bei yake, au kwa kichwa: kila mtu aliyeandikishwa kwake analeta kiasi fulani, augue asiugue.

3. Kila njia ina ujanja wake. Ukilipa kwa kilo, mtu atatia hata majani magumu kikapuni, ndiyo maana kwenye kituo cha kununulia kuna anayekagua. Daktari wa kilo anaweza kukupima vitu usivyohitaji. Wa kichwa anafaidika ukikaa nyumbani mzima, lakini pia ukikaa nyumbani mgonjwa. Wa mshahara, akiona watu 20 au 60, mwisho wa mwezi ni ile ile.

4. Uingereza, kliniki za madaktari wa familia hupata sehemu kubwa ya pesa kwa kichwa. Kwetu, "daktari wa familia" wa wengi ni muuguzi au afisa wa kliniki wa zahanati. Tangu ugatuzi wa 2013, wengi wao wanalipwa mshahara na kaunti.

5. Sasa SHA. Ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Lakini zahanati na vituo vya afya vina mfuko wao wa huduma za msingi, unaotegemea bajeti ya serikali, si makato yako. Huko ukishajisajili unafaa kutibiwa bure.

6. Hapa ndipo watu hupotea: SHA haimlipi muuguzi mshahara. Inalipa kituo, baada ya kituo kutuma madai. Na kuna sheria ya 2023 inayotaka mapato ya hospitali za umma yabaki kwao, wanunue dawa na vifaa. Kwa hivyo madai yakichelewa, muuguzi yuko lakini kabati ni tupu. Kaunti ikichelewesha mshahara, kabati linaweza kuwa limejaa na mlango umefungwa. Ni magonjwa mawili, kila moja na dawa yake.

7. Mgomo wa madaktari wa 2016 hadi 2017 ulichukua siku 100. Wa 2024, siku 56. Mara zote mbili walilalamikia makubaliano ya malipo ambayo hayajatekelezwa. Hiyo huwezi kuitibu kwa kumwambia mama ajisajili SHA.

8. Kwa nini nasumbuka na hii? Mama anayechuma chai akienda zahanati, kilo za siku hiyo zimeenda. Akirudi na karatasi ya kununua dawa, amelipa mara mbili. Na sisi tunamtukana muuguzi, ambaye hata si yeye anayeshika hiyo pesa.

9. Kwa hivyo mkipewa maikrofoni, ulizeni hivi. Serikali kuu: madai ya zahanati yetu yamelipwa hadi mwezi gani? Kaunti: mishahara imelipwa hadi mwezi gani? Na pesa ya SHA ikifika, inabaki kituoni au inapitia wapi?

Jibu la kweli lina tarehe ndani yake. Ukipewa wimbo badala ya tarehe, rudia swali.

Mwenye majibu ya kaunti yake aweke hapa chini.