Usukani wa Kinga Ukikuwa Mzito

(Maneno ya komite ya kinga mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Leo hatukuja na hesabu ya kawaida. Mambo ya matairi na viraka tutayaleta mkutano ujao. Tuko na jambo moja tu, nalo si dogo: ile kinga nyekundu ya umoja iliyoanguka kwenye mteremko wa kuelekea mto Mutambala, na yule kijana wetu tuliyemlipisha.

Munakumbuka. Alikuwa anapeleka mama mgonjwa kwenye kituo cha afya. Wakaingia mfereji, mama akavunjika mkono, uma wa mbele ukapinda. Tulipomuuliza, kijana alijibu neno moja: "Usukani ulikataa." Tuseme ukweli, tulicheka. Tukamwambia kinga haina kichwa cha kukataa. Tukaamua alikuwa anakimbia, tukamtoza franga elfu 40 za uma mpya, tukamnyima kinga miezi mitatu. Elfu 20 ameshalipa.

Juma lililopita tulipata uma, tukafungua ile kinga ili tuufunge. Tulichokikuta ndani ndicho kimetuleta mbele yenu.

Kwanza tuelewane kwa majina, maana tumerudi kutoka pande nyingi. Sisi tuliokaa Lugufu na Nyarugusu tulizoea kusema baiskeli na usukani, waliobaki hapa wanasema kinga na gido. Ni kitu kilekile. Uma ni ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Shingo ya uma inapita ndani ya bomba fupi la mbele la fremu. Juu ya bomba na chini yake kuna vikombe viwili vya chuma, na ndani ya vikombe kuna gololi. Juu kabisa kuna nati mbili: ya kwanza inakandamiza gololi, ya pili inaifunga ile ya kwanza isilegee. Njo yote. Hakuna siri nyingine pale, lakini ni pale ndipo kinga inapogeukia.

Sasa kwa nini usukani mzito unaangusha mtu? Wengi wetu tunafikiri kinga inasimama kwa sababu mwendeshaji ana nguvu za mikono. Apana. Inasimama kwa sababu gurudumu la mbele linageuka kidogo kidogo kila wakati, upande ule kinga inakotaka kulalia, ndipo inajirudisha yenyewe. Mwendeshaji mwenyewe hata hajui kama anafanya hivyo. Gololi zikibana, kule kugeuka kidogo kunachelewa. Unasukuma, haigeuki, unasukuma tena kwa nguvu, inaruka na kupita kiasi. Kwenye barabara tambarare ukiwa peke yako, utaona tu unayumba kama mlevi. Ukiwa na mgonjwa kwenye keria, mteremko, mawe, mfereji pembeni, basi ni yale tuliyoyaona.

Kijana alisema kweli. Usukani ulikataa.

Tutaeleza tulivyojua, ili mtu asiseme tunamwonea huruma tu. Uma uliopinda ungeweza kuwa umeharibika siku ileile ya kuanguka, hilo halishuhudii kitu. Lakini kikombe cha chini kilikuwa na vishimo vidogo vimejipanga mviringo, kila kimoja kwa kipimo cha gololi. Vishimo vile havitoki siku moja. Ni kazi ya miezi mingi: kinga imebeba mzigo, inaingia shimo la barabara, gololi inagonga chuma fasi ileile, kwa sababu muda mwingi tunaendesha mbele tu. Mwishowe gololi zinalala ndani ya vishimo. Ukinyoosha usukani, zinaingia, tak. Ukitaka kugeuka, lazima uzitoe kwanza. Tena gololi tatu zilikuwa zimepasuka, na vipande vyake vinasaga wenzake.

Halafu kulikuwa na mawese.

Hapa tutakaa kidogo, maana tunajua nyumba nyingi zinafanya hivi. Grisi ina bei, mawese yako jikoni. Siku ya kwanza usukani unakuwa mwepesi, kila mtu anafurahi. Lakini mawese yanaganda kukiwa na baridi, na yakikaa muda yanakuwa kama gundi. Vumbi la kiangazi, ile miezi ya sita hadi ya nane, linashikana nayo, kisha mvua inaingia. Tulikuta uji mweusi mgumu, tukautoa kwa kijiti. Mawese ni ya sombe na maharagi. Kwenye gololi muweke grisi, hata ile kidogo ya kuomba kwa fundi wa magari.

Na la mwisho ndilo linatuuma sisi wenyewe. Siku mbili kabla ya ile safari, mwanachama mmoja alituletea kinga akisema inagonga mbele, kaku kaku. Kweli ilikuwa imelegea. Tulichukua nyundo na tindo, kwa sababu spana ya ile nati hatukuwa nayo, tukagonga nati ya juu mpaka sauti ikaisha. Hatukunyanyua gurudumu kupima. Tukairudisha kazini. Kugonga kulitoka kwa vikombe vilivyokwisha, na sisi tukakuponya kwa kubana. Kumbe tulimfunga kijana mikono.

Basi, ili isirudie, muangalie tunavyofanya sasa. Nyanyua gurudumu la mbele, shika bomba la juu la fremu, inamisha kinga kidogo upande. Usukani uanguke wenyewe upande ule, kisha upande mwingine. Ukikataa, au ukisimama katikati kama umeshikwa, kuna ugonjwa. Ukianguka vizuri lakini chini barabarani unausikia mzito, usifungue kitu: angalia upepo wa tairi ya mbele, na angalia mzigo. Bidoni ya lita 20 ya maji ni kilo 20. Ukitundika mbili kwenye usukani, unamlaumu nani? Angalia pia vyuma vya breki na zile kamba za mpira tunazofungia taa na vikapu, mara nyingine ni hizo zinakwama.

Baada ya hapo shusha gurudumu, bana breki ya mbele, weka kidole fasi ya kikombe cha chini, sukuma kinga mbele na nyuma. Ukisikia kidole kinagongwa, imelegea. Kinga inayogonga na kinga inayokataa zote ni mbovu, na dawa ya moja si kuwa ile nyingine, kama tulivyofanya sisi.

Ikiwa usukani ni mzito fasi moja na mwepesi fasi nyingine unapozungusha, huenda shingo ya uma imepinda. Hapo nati haisaidii kitu. Na uma uliopasuka shingo hatuchomelei. Tunajua mafundi wanachomelea, tunajua bei ya mpya. Hatuchomelei. Ukikatika njiani, meno yako ndiyo yanafika chini kwanza.

Kama ni uchafu tu, kazi si ngumu. Tandika nguo nyeupe chini, si mkeka, maana gololi zinapita kwenye matundu na mchanga hauzirudishi. Ondoa usukani, legeza nati ya juu, kisha ile ya pili, huku umeshika uma usianguke. Hesabu gololi za juu na za chini mbali mbali na uandike. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, angalia vikombe kwenye jua. Chuma kiwe laini. Gololi moja ikiwa imevunjika, badilisha zote za upande ule. Ukichanganya mpya na zilizolika, zile kubwa zinabeba mzigo wote peke yake. Paka grisi ndani ya kikombe, zipange gololi ndani ya grisi zishikane, acha nafasi kama ya gololi moja. Usijaze mpaka zibanane. Zile zinazokaa ndani ya kikuku cha bati ziwe na uso wake sawasawa kama ulivyozikuta, ukigeuza kikuku bati linasaga kikombe.

Kufunga ndiko kunakoshinda watu. Nati ya kwanza uzungushe kwa mkono mpaka iguse, basi. Iache na ulegevu kidogo sana. Ukikaza nati ya pili itaisukuma ile ya kwanza chini, na ulegevu ule utaisha. Ukiwa umebana kabisa tangu mwanzo, hapo utazidisha. Ushike nati ya chini kwa spana moja, ukaze ya juu kwa nyingine, kisha upime tena kama tulivyosema. Mara tatu, mara nne, si aibu. Sisi juzi tulirudia mara sita.

Vikombe vyenye vishimo dawa yake ni kubadilisha. Asiyekuwa na franga leo anaweza kukitoa kikombe cha chini, akakizungusha kidogo kabla ya kukirudisha, ili gololi zisikute vishimo vyote pamoja. Itamsaidia siku chache za kwenda shambani peke yake, si kubeba mtu. Na kwa kuzuia maji na vumbi, tunazungushia kikombe cha chini kipande cha mpira wa ndani wa tairi, bila kukibana.

Sasa tunarudi kwa kijana. Sisi wa komite tunaomba mambo matatu, na mkutano ndio utaamua. Arudishiwe elfu 20 yake kutoka sanduku la umoja, na elfu 20 iliyobaki ifutwe. Kile kifungo cha miezi mitatu kiishe leo. Na dawa za mkono wa mama zilipwe na umoja, kwa sababu kinga ilikuwa ya umoja na nati ilikazwa na umoja. Tunajua sanduku haliko na nguvu, na wengine mutasema ni sisi tuliogonga kwa tindo ndio tulipe. Kama mutaamua hivyo tutalipa, mutupe tu mavuno haya yapite.

Kijana tumeenda kwao, mbele ya baba yake na mjomba wake, tukasema tumekosa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama spana tumeshapata.

Tumepata, mbili. Ziko kwa komite, na hakuna anayezichukua bila kuandika jina. Kinga nyekundu iko pale chini ya mwembe na uma wake mpya. Mukitoka, pitieni, munyanyue gurudumu la mbele, muone usukani unavyoanguka. Na mwenye kinga yake nyumbani ailete Jumamosi asubuhi, na nguo nyeupe ya kutandika aje nayo.